Meza ya Bure Langoni kwa Verna

Verna Heggie husema mwenyewe kwamba Mungu alipokuwa akigawa akili, yeye alikuwa bustanini anang'oa magugu, na alipogawa mdomo alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Watu wa Cygnet, mji wake mdogo kwenye kisiwa cha kusini ya mbali, wanaomfahamu hawambishii. Na kama yupo ambaye bado ana shaka, basi husimuliwa mkasa wa ile meza. Verna hakubali usimuliwe na mtu mwingine, maana wengine wakifika pale pabaya humwonea huruma, naye anasema pale pabaya ndipo hasa pa kutia chumvi.

Ulikuwa mwezi wa Aprili, ambao huko kusini ndio wa majani kupukutika kabla ya baridi. Hayo ndiyo majira Verna aliyoyapenda kuliko yote. Kazi ya kumwagilia maji imekwisha, baridi yenyewe bado haijabisha hodi, na bustani imetulia kama mtu aliyeshiba. Maboga yalikuwa yamepangwa juu ya paa la banda yakiota jua. Matufaha ya mwisho yalikuwa yamebaki kileleni, mekundu, yale ambayo mkono haufiki na ndiyo siku zote huonekana matamu zaidi. Mcheri uliokuwa karibu na jiko uligeuka rangi ya moto, kisha ukaanza kudondosha majani yake moja moja, kama mtu anayevua nguo bila haraka. Kila asubuhi Verna alivaa gambuti, akashika kikombe cha chai, akaizunguka bustani. Alidai anakagua kazi. Ukweli ni kwamba alikuwa anajisifu tu. Zaidi ya mara moja mumewe, Clem, alimfuma akilipongeza boga kwa sauti.

Sasa, nyumba ya Verna ilikuwa na vitu. Si vitu vya thamani. Hakuna mwizi ambaye angehangaika navyo. Ilikuwa kofia ya majani ya baba yake, iliyotoboka utosini. Ilikuwa ndoo ya bati iliyopakwa rangi nyeupe, ambayo bintiye aliogeshwa akiwa mchanga. Lilikuwa jiwe la kijivu, kubwa kama mkate, alilopewa na Clem siku ya kwanza walipotoka pamoja kwenda ufukweni. Wengine hupewa maua, yeye alipewa jiwe, na ndilo lililokuwa likizuia mlango wa jikoni usijifunge. Na ulikuwa uma wa kuchimbia viazi, wa mpini mfupi, wenye meno yaliyoliwa na udongo. Huo ulikuwa wa marehemu mama mkwe wake, Winifred.

Mama Winifred hakuwa mtu wa kuchezewa. Miaka mingi baada ya harusi alikuwa bado anamwita Verna "yule msichana wa mjini," kwa sababu tu alizaliwa Hobart, ambako ukitoka asubuhi unarudi kula chakula cha mchana nyumbani. Hadi mwaka mmoja, majira kama haya, alisimama akimtazama Verna anavyochimba viazi. Akatazama tuta zima. Hakuna kiazi kilichotobolewa. Basi yule mama akafuta uma wake kwa aproni, akamkabidhi, akasema, "Chukua. Umekuwa mtu." Akaingia ndani. Verna aliwahi kupata sifa nyingine maishani, lakini hiyo ndiyo pekee aliyoikariri.

Mambo yaliharibika siku chama cha akina mama kilipomleta mgeni ukumbini kuzungumza. Alikuwa mwanamke mwembamba kutoka mjini, amevaa nguo nyeupe zisizo na doa hata moja, jambo ambalo Verna alipaswa kulitilia shaka mapema. Yule mama alizungumza juu ya kuishi mwepesi. Alisema vitu ni mzigo, kwamba kitu usichokihitaji kinakutumikisha wewe, na kwamba kumbukumbu hukaa moyoni, si kabatini. Alisema kwa sauti laini kama siagi, na Verna akayeyuka. Alitoka pale kama mtu aliyeokoka. Wakati wa chai, mkononi ana skonzi yenye malai, akawatangazia wote waliokuwepo:

"Mimi Jumamosi hii naweka meza langoni. Vitu vyangu vyote vya kumbukumbu. Mpita njia achukue anachotaka. Bure!"

Wifi yake, Glenys, dada yake Clem, alicheka mpaka chai ikampalia.

"Wewe, wifi? Wewe unayetunza hata kamba za magunia ya vitunguu? Ukitoa kitu hata kimoja, mimi nitatembea kutoka hapa hadi Hobart nimejifunga taulo tu."

"Basi kaanze kulitafuta taulo," Verna akajibu, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Lau asingejibu vile, baadaye alisema, angerudi nyumbani, akalala, akaamka na akili zake. Lakini neno likishatoka mdomoni mwa Verna, miguu yake huona ni lazima ilifuate.

Jumamosi ikafika, siku nzuri ya jua jepesi. Akatoa meza ya kupigia pasi, akaitandika kitambaa, akapanga vitu vyake, akaandika kwenye kipande cha boksi: CHUKUA, NI BURE. Clem alisimama langoni mikono mfukoni. Clem ni mtu wa maneno machache. Anaweza kuimaliza wiki kwa "haya" peke yake.

"Una hakika?" akauliza.

"Nina hakika."

"Haya," akasema Clem.

Wakaja watu. Kofia ikaondoka na Athol, jirani wa barabara ya juu mwenye shamba la matufaha, ambaye alisema itamfaa kwa kazi fulani bila kuitaja. Ndoo ikachukuliwa na familia ya watalii waliokuwa wakipita na gari, watoto wao wakaanza kuipiga kama ngoma kabla hata hawajafunga milango. Hapo Verna aliingia ndani akakata kitunguu ambacho hakuna aliyekihitaji, ili awe na sababu ya machozi. Alipotoka tena akakuta meza imepungua zaidi, hata jiwe halipo. Akajiambia, "Vizuri. Mzigo mwingine huo umeshuka."

Karibu na adhuhuri akaja Glenys.

"Taulo liko wapi?" Verna akamdaka hata kabla hajafika.

"Linafuliwa," akasema Glenys. Akaanza kuikagua meza, hiki akikinusa, kile akikigeuza, huku anacheka. Kisha akauona uma. Kicheko kikakatika kama redio iliyochomolewa.

"Na huu?"

"Na huo."

"Verna. Huu ni uma wa mama."

"Mama yako alinipa mimi, na mimi nautoa. Vitu ni mzigo, wifi yangu."

Glenys hakujibu. Aliushika uma kwa mikono miwili, akageuka, akashuka na barabara bila kuaga. Na Verna, badala ya kujiuliza mtu yule amepatwa na nini, alijawa na furaha. Tangu siku ya harusi yake hajawahi kumnyamazisha wifi yake hata mara moja, na leo alikuwa amemnyamazisha hadharani, mbele ya meza ya kupigia pasi. Alikunja kitambaa chake kama jemadari anayekunja ramani baada ya vita.

Jumapili aliishi kama mtakatifu. Alikaa kwenye kiti akatazama mahali palipokuwa na vitu, akahema, akasema nyumba sasa inapumua. Mlango wa jikoni ulijibamiza kila upepo ulipopita. Clem aliukodolea macho mlango, akamkodolea mkewe, akasema, "Haya."

Jumatatu Verna alikwenda kuchimba viazi. Alifika bandani akanyoosha mkono bila kutazama, kama alivyozoea, na mkono ukashika msumari. Msumari mtupu. Akachukua uma wa Clem, wenye mpini mrefu kama mlingoti na meno mapana kama ya farasi. Kiazi cha kwanza akakitoboa katikati. Cha pili akakipasua. Cha tatu kikatoka kizima, akafurahi, akakikanyaga. Alipofika nusu ya tuta ndoo yake ilikuwa imejaa viazi vilivyoonekana kama vimetoka kupigwa risasi.

Akaketi juu ya kreti. Hewa ilikuwa safi, jua limelala juu ya maboga, mcheri unadondosha majani yake taratibu mabegani mwake. Asubuhi ya kupendeza kabisa ya kujiona mpumbavu.

"Verna," akajiambia, "wewe ni mjinga mwenye cheti."

Njia ya mkato ilikuwa kwenda kwa watu akasema: nimekosea, nirudishieni. Lakini angesemaje hivyo wakati alitangaza mbele ya chama kizima? Kula matapishi yako ni jambo moja. Kuyala na skonzi mbele ya akina mama ni jambo jingine. Basi akaamua kutumia werevu, kitu ambacho, kama tulivyokwisha kuambiwa, hakuwepo kilipogawiwa.

Alianza na kofia. Alichukua boga zuri, akapanda barabara ya juu hadi kwa Athol. Mpango wake ulikuwa abishe hodi, atoe boga kama zawadi ya ujirani, kisha mazungumzo yaelekee yenyewe kwenye kofia. Lakini alipokaribia uzio akaiona kofia ya baba yake. Ilikuwa katikati ya mitufaha, imevishwa sanamu ya kufukuzia ndege, gunia lililojazwa nyasi. Baba yake, mtu aliyekuwa akiivua kofia ile hata kwa kusalimia ng'ombe! Gari la Athol halikuonekana. Verna akatazama huku na huku, akaliweka boga chini, akapanda uzio.

Mguu wa kwanza ulivuka. Wa pili ukanaswa na waya, kwenye suruali, mahali ambapo mkono wa mtu wa umri wake haufiki kirahisi. Akabaki hapo, nusu yake huku, nusu kule, mkono mmoja umenyooshwa kuelekea kwenye sanamu, hajaifikia.

"Verna," ikasema sauti kutoka juu.

Athol alikuwa kwenye ngazi, ndani ya mtufaha, kapu la kuvunia kifuani. Alikuwa hapo muda wote.

"Athol," akasema Verna. "Hali ya hewa nzuri leo."

"Nzuri. Naona unaning'inia."

"Napumzika kidogo."

"Umefuata kofia."

"Kofia gani?"

"Hiyo unayoinyooshea mkono."

Verna akaurudisha mkono, akajikuna kichwa nao, kana kwamba ndiyo kazi yake. Athol akashuka ngazi polepole, hatua kwa hatua, kama mtu anayetaka starehe isimwishie haraka. Akamnasua suruali, akamshika mkono hadi Verna akateremka.

"Mke wangu aliniambia niiache kofia mlangoni siku mbili tatu, utaifuata," akasema. "Mimi nikambishia. Nikamwambia, Verna ni mtu wa msimamo."

"Asante, Athol."

"Nilikosea."

Akaenda akaivua sanamu kofia, akaikung'uta. "Ichukue tu. Hata hivyo kasuku hawaiogopi. Jana mmoja alikaa juu yake, akala tufaha langu hadi kokwa huku ananitazama. Lakini boga unaliacha."

Boga akaliacha. Kofia akaivaa kichwani papo hapo, kinyesi cha kasuku na yote, na alipokuwa anashuka barabara alijisikia amesindikizwa na baba yake.

Kulitafuta jiwe kulikuwa kugumu zaidi. Utamuuliza vipi mtu, katika bonde lililojaa mawe, kama hajaliona jiwe? Verna alijaribu. Alikwenda dukani, akauliza kama kuna mtu aliyepita na jiwe. Alisimama kanisani mlangoni akauliza hivyo hivyo. Watu walimjibu kwa upole, ule upole ambao watu humpa mtu anayeanza kuzeeka vibaya, na mmoja akajitolea kumrudisha nyumbani kwa gari. Siku ya tatu alikata tamaa. Na hapo ndipo lilipoanza kumuuma. Kofia ilikuwa ya baba, lakini jiwe lilikuwa la msichana fulani aliyerudi kutoka ufukweni amelipakata safari nzima kwa sababu ya kijana asiyejua kusema, msichana aliyedhani, wakati ule, kwamba hakuna mtu duniani aliyewahi kupewa kitu kizuri namna ile.

Jioni hiyo alikwenda kwenye karakana ya Clem kuchukua maranda ya mbao, ya kuhifadhia matufaha ya kula majira ya baridi. Clem alikuwa anapiga randa. Na pale mezani kwake, juu ya rundo la misasa, lilikaa jiwe.

Verna alisimama. Clem akaacha kupiga randa.

"Hilo jiwe," akasema Verna.

"Bango lilisema chukua," akasema Clem. "Nikachukua. Nilifika mapema kabla foleni haijawa ndefu."

"Mimi nimelitafuta mji mzima! Mpaka watu wananiona nimerukwa na akili! Kwa nini hukusema?"

"Ulisema una hakika."

Kwa Clem hayo yalikuwa mazungumzo marefu, na Verna alidhani yamekwisha. Lakini Clem alilifuta jiwe vumbi kwa kiganja, akaongeza, akilitazama jiwe na si mkewe: "Siku ile nilikuwa nimelibeba mfukoni toka mwisho wa ufukwe. Suruali ilinishuka njia nzima. Nikajisemea, akilikataa hili, nitalitupa baharini na mimi nifuate."

Miaka yote ya ndoa hajawahi kumwambia hivyo. Verna akachukua maranda yake akatoka haraka. Asubuhi jiwe lilikuwa mahali pake, na mlango wa jikoni haukujibamiza tena.

Ndoo haikurudi. Ilivuka bahari na watalii wake. Na cha ajabu, ndoo ile iliyomliza hadi akakata kitunguu, Verna alijikuta siku moja hajaiwaza hata kidogo, na alipojilazimisha kuiwaza hakuona uchungu, aliona tu ndoo. Kwa hiyo yule mama wa nguo nyeupe hakuwa mwongo moja kwa moja. Alisema kweli kuhusu ndoo.

Ukabaki uma.

Huo Verna aliuchelewesha makusudi, maana kumkabili Glenys ni sawa na kwenda kwa daktari wa meno anayekuchukia. Usiku mmoja sakitu, ule umande ulioganda, ikaanguka, asubuhi nyasi zote zimekuwa nyeupe na maua ya dalia yamekuwa meusi kama yaliyounguzwa. Verna akajua Glenys atakuwa bustanini anang'oa mizizi ya dalia zake ili aihifadhi hadi baridi ipite, na kwamba atakuwa na uma. Akapanga kapu: chupa za jemu ya matufaha, skonzi za moto zilizofunikwa kitambaa. Njiani akafanya mazoezi. Kwanza ataisifu bustani. Kisha atazungumzia maumivu ya mgongo. Kisha atashauri, kwa huruma tu ya kidada, kwamba uma mfupi humharibu mtu mgongo.

Alimkuta Glenys ameinama kwenye tuta, mvuke unamtoka mdomoni.

"Hodi! Bustani inapendeza, wifi!"

"Imekufa yote usiku huu," akasema Glenys bila kuinua kichwa. "Huoni? Mpaka mizimu imeikimbia."

"Imekufa vizuri, lakini." Verna akaweka kapu chini, akarukia hatua ya pili. "Na mgongo wako je? Nilikuwa naukumbuka mgongo wako."

Glenys akanyooka. "Mgongo wangu umekaa miaka sitini na kitu bila mtu kuujulia hali. Leo umepata cheo gani?"

"Ni huo uma tu. Naona ni mfupi mno kwa mtu wa kimo chako. Unaweza kukuumiza."

Glenys aliinama tena, akachomeka uma pembeni mwa shina, mbali kidogo, akaukandamiza kwa unyayo, akauinua polepole hadi udongo ukapasuka na mizizi ikatoka nzima, minene kama vidole, haikukatika hata mmoja. Kidole gumba cha mkono wa kushoto alikilaza juu ya mpini. Mama Winifred alikuwa akikilaza vile vile. Verna alikuwa ameushika uma ule miaka yote hiyo na hajawahi kukilaza kidole hapo.

"Siku mama alipokupa huu uma," akasema Glenys, "unajua mimi nilikuwa wapi?"

"Hapana."

"Nilikuwa jikoni naosha vyombo. Dirishani. Niliona kila kitu, na kusikia pia, maana mama hakujua kunong'ona. Mimi nilimchimbia viazi tangu nikiwa na kimo cha uma wenyewe, Verna. Kila mwaka. Sikutoboa hata kimoja. Hakuna siku aliyoniambia nimekuwa mtu."

Mdomo wa Verna, ule uliokuwa wa kwanza kwenye foleni, ukabaki wazi na hauna kitu ndani. Alikumbuka vicheko vyote vya Glenys juu ya uma ule. "Umeulaza kitandani usiku, wifi?" "Umeupeleka kanisani ubatizwe?" Kila majira ya viazi, mzaha mpya. Na yeye alikuwa anajibu mzaha kwa mzaha, akidhani wanacheza.

"Nilidhani unatania," akasema mwishowe.

"Nilikuwa natania. Ulitaka nifanyeje, nimlilie mama uma, mtu mzima mimi?" Glenys akajifuta pua kwa mgongo wa glovu, udongo ukabaki hapo puani. "Haya. Sema. Umekuja kuuchukua?"

Verna akautazama uma. Aliutaka. Hakuacha kuutaka hata kidogo kwa sababu ya maneno yale, na huo ndio upande wake anaosema haupendezi. Alifikiria tuta lake la viazi, nusu bado halijachimbwa. Alifikiria msumari.

"Nimekuja kukuletea jemu," akasema.

"Wewe?"

"Mimi."

"Umetembea kwenye sakitu, na kapu, na kofia ya baba yako kichwani ambayo kila mtu hapa anajua ulinaswa kwenye uzio wa Athol ukiifuata, uniletee mimi jemu?"

"Nimekuletea jemu, Glenys. Usiniulize tena, maana ukiniuliza tena nitabadilisha."

Glenys akamtazama. Kisha akaanza kucheka, kicheko chake kile kile cha kupaliwa, na safari hii machozi yalikuwemo na hakujaribu kuyafuta. Verna akapiga magoti kwenye udongo baridi, akaanza kuipangusa mizizi ya dalia na kuipanga kwenye kreti, huku Glenys anachimba. Walikula skonzi wakiwa wamesimama, na glovu mikononi. Udongo uliingia kwenye jemu na hakuna aliyelalamika.

Alirudi nyumbani na kapu tupu. Clem alikuwa langoni anafagia majani ya mcheri.

"Umeupata?" akauliza.

"Nimeutoa," akasema Verna. "Mara ya pili. Na safari hii umeniuma."

Clem akafikiri. "Haya," akasema, na akampa ufagio, kwa sababu kwa maoni yake hakuna huzuni isiyopungua mtu akifagia. Ni kweli, ilipungua kidogo. Majani yalikuwa makavu, yanatoa sauti nzuri, na kila aliporundika rundo moja mcheri ulimwongezea mengine.

Jumapili iliyofuata, asubuhi, Verna alikuwa anaandaa tuta la vitunguu saumu aliposikia lango. Glenys huyo anaingia, uma begani kama askari na bunduki yake.

"Nimekuja kukupandia saumu," akatangaza. "Mwaka jana ulizibananisha kama abiria."

"Na huo uma unaniazima?"

"Thubutu! Uma ni wangu. Mimi nachimba. Wewe shika punje, upige magoti, ufuate nyuma."

"Kwenye bustani yangu mwenyewe?"

"Kwani nimekukataza kukaa ndani? Kuna chai huko, nenda kanywe."

Verna akapiga magoti. Glenys alichimba mbele, tuta likawa laini kama unga, na Verna akafuata nyuma akichomeka punje, akiongea bila kituo: juu ya kasuku wa Athol, juu ya Clem na suruali yake ufukweni, ambayo Glenys hakuwahi kuisikia na ikamlazimu asimame aegemee uma ili acheke. Jua lilipanda kidogo, likawapata mgongoni. Walipofika mwisho wa tuta, Glenys akageuka kuikagua kazi. Akainama. Akachomoa punje moja, akaitazama, akachomoa nyingine.

"Wifi," akasema, "ncha huwa inatazama wapi?"

"Juu, bila shaka."

"Na hizi?"

Verna akatazama. Tuta zima alikuwa amezipanda kichwa chini, miguu juu, kila moja.

"Zitajigeuza zenyewe," akasema.

"Piga magoti," akasema Glenys. "Tunaanza upya."